Shemeji, Marekani haikuharibika juzi

Shemeji, ulimwaga maswali matatu kwa mpigo kwenye grupu la ukoo. Huyu Trump ni mwendawazimu au ni kidume? Wamarekani wamerogwa na nani mpaka wampe nchi mara ya pili? Na mimi mjamaa wa Mlimani, sasa mwalimu wa chuo huku Marekani, ninayeisema nchi hii vibaya kila nikishika kipaza sauti, nafuata nini huku? Wajomba wakaangua vicheko, na mama mdogo akaomba tu nisiandike kitu kitakachonishusha uwanja wa ndege wa Kipawa na begi moja. Nitajibu, ila kwa kirefu, maana majibu ya mistari miwili ndiyo yanayotufanya tuziongee siasa za huku kama tunaongea Simba na Yanga.

La Trump mwenyewe nalipita upesi. Yaliyomo kichwani mwake siyajui, na hata ningeyajua yasingenieleza kwa nini watu milioni 77 walimpigia kura Novemba 2024. Miongoni mwao wamo majirani zangu. Mmoja ndiye anayenisafishia theluji mlangoni kwa mashine yake bila kuombwa, na kofia yake nyekundu ya wafuasi wa Trump kichwani.

Ninaishi Ohio. Jimbo hili lilimpa Obama ushindi 2008 na 2012, kisha likampa Trump mara tatu mfululizo, na si kwamba watu walihamishwa wakaletwa wengine. Ukitaka kuelewa, usianzie Washington. Anzia Youngstown, kaskazini mashariki mwa jimbo, mji uliokuwa ukiishi kwa chuma. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Wenyeji wanaiita Jumatatu Nyeusi mpaka leo. Viwanda vingine vikafuata. Mwaka 1994 ukaanza mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, ambao sheria ya kuutekeleza ilitiwa saini na Rais Clinton, mtu wa chama cha Democratic, chama ambacho wafanyakazi wa pale walikuwa wakikipigia kura tangu enzi za babu zao. Mwaka 2001 China ikaingia Shirika la Biashara Duniani. Kila mara wataalamu walikuja na michoro kuonyesha kwamba kwa jumla nchi inapata faida. Na kwa jumla ilipata kweli, ila faida ilikwenda kwa wenye hisa, watu wa Youngstown wakaachiwa nyumba zisizouzika.

Julai 2017 Trump alisimama pale pale Youngstown akawaambia wasiuze nyumba zao, kazi zote zinarudi. Machi 2019 kiwanda cha General Motors cha Lordstown, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kikatoa gari lake la mwisho. Sasa sikiliza linalowashangaza wenzangu wa vyuoni: 2020 kaunti ya Mahoning, ambamo Youngstown imo, ilimpa Trump kura, ilhali 2016 ilikuwa bado imebaki kwa Democratic. Yaani aliwadanganya, na kura zikaongezeka. Wenzangu husema huo ni ujinga. Mimi naona watu walipewa uchaguzi kati ya mtu anayewadanganya kwamba ataurudisha mkate wao na watu wanaowashauri wasome kozi ya kompyuta wakiwa na miaka 55. Angalau wa kwanza alikiri kwamba wameibiwa. Aliyewaibia ni nani, hapo ndipo alipowaonyesha mhamiaji.

Na usidhani wamekataa siasa za kushoto. Missouri, Novemba 2024, siku moja, karatasi moja: walimchagua Trump kwa kura nyingi, na papo hapo wakapitisha kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi dola 15 kwa saa na mfanyakazi apate likizo ya ugonjwa yenye malipo. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo, wa chama kile kile walichokichagua, wakaifuta hiyo likizo. Kwa ngazi ya taifa, kima cha chini ni dola 7.25 tangu 2009. Miaka hiyo yote Democratic wameshika ikulu kwa vipindi vitatu na hawajaipandisha hata senti. Mimi siwasamehi kwa hilo.

Kwa nini haipandi? Fuata pesa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni na vikundi vinaweza kumwaga fedha kwenye kampeni bila kikomo, mradi visishirikiane na mgombea. Katika uchaguzi wa 2024 Elon Musk peke yake alitumia zaidi ya dola milioni 250. Januari iliyofuata akakabidhiwa mkasi wa kukata serikali, na miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa ilikuwemo USAID, iliyofungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Makali yake mliyaona ninyi wenyewe kwenye kliniki za dawa za kufubaza virusi, huku wengi hawakujua hata kama kuna kitu kimefungwa. Tajiri mmoja ambaye hakuchaguliwa na mtu, na foleni ya wagonjwa upande wa pili wa dunia. Juu ya hilo kuna Seneti, ambamo Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina viti viwili, na California yenye watu milioni 39 ina viti viwili. Tukifundisha demokrasia darasani, wanafunzi wetu wageni ndio wanaoguna, wenyeji wamezoea.

Lakini kitu kinachoitawala nchi hii kuliko rais yeyote ni bima ya afya. Hili watu wa nyumbani hamlioni kwa sababu halipigwi picha. Kwa watu wengi wa umri wa kufanya kazi, bima inatoka kwa mwajiri. Ukifukuzwa kazi, hujapoteza mshahara tu. Mtoto wako mwenye pumu kapoteza dawa. Kwa hiyo watu wananyamaza. Bosi hana haja ya kukutishia, wewe mwenyewe unajua. Nimewaona walimu wa vyuo, wenye shahada tatu na mdomo mrefu, wakimeza maneno kwenye kikao kwa sababu mke yuko kwenye matibabu ya saratani. Watu zaidi ya milioni 25 hawana bima kabisa. Tarehe 4 Julai 2025 ilisainiwa sheria iliyopunguza kodi, wenye nacho wakipunguziwa zaidi, na kukata Medicaid, bima ya serikali kwa makabwela. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kuwa kutokana na sheria hiyo watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa bila bima kufikia 2034. Kuanzia Oktoba hadi Novemba 2025 serikali ilifungwa siku 43 kwa kukosa bajeti, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya hapo, ugomvi ukiwa ruzuku za bima. Ruzuku hazikuongezwa muda. Wabeba boksi wetu, na dada zetu wanaolea wazee usiku kucha kwenye nyumba za kutunzia wazee, hao ndio watakaolipa.

Sasa msije mkasema nimegeuka mtetezi wa kofia nyekundu. Ubaguzi upo na siku hizi hauvai hata kanga. Septemba 2024, kwenye mdahalo ulioangaliwa na mamilioni, Trump alisema Wahaiti wa Springfield, hapa hapa Ohio, wanakula mbwa na paka wa wenyeji. Uongo mtupu. Wahaiti wale walikuwa wamejaza nafasi za kazi viwandani na kwenye maghala. Mji uliokuwa ukipungua watu ukaanza kupumua. Baada ya maneno yale shule zikawa zinahamishwa watoto kwa vitisho vya mabomu. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa, mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na watu zaidi ya 10,000 duniani waliokwisha kuruhusiwa kusafiri wakakwama. Wakongo wa Nyarugusu, pale Kigoma, waliosubiri kwa miaka na kuhojiwa mpaka wakachoka, wanajua maana yake. Kisha kwa mwaka wa fedha 2026 nafasi zikawekwa 7,500 tu, kutoka 125,000, na kipaumbele wakapewa Makaburu wa Afrika Kusini. Hapo huhitaji profesa akufafanulie.

Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ubaguzi ni kitu kimoja na unyonyaji ni kingine. Springfield haikuwa na hasira na Wahaiti kwa sababu ya paka. Kodi za nyumba zilipanda, zahanati zikajaa, na hakuna aliyeleta fedha za kuongeza zahanati.

Kuhusu vyuo, mlisikia ya Columbia, iliyokubali Julai 2025 kulipa serikali zaidi ya dola milioni 200 ili irudishiwe fedha za utafiti. Hayo ya vyuo vya matajiri yana magazeti ya kuyasema. Ohio tulipitishiwa sheria yetu Machi 2025: ofisi za kusaidia wanafunzi wa makundi yaliyotengwa zimepigwa marufuku, walimu wa vyuo vya umma hatuna tena haki ya kugoma, na muhtasari wa kila kozi ya shahada ya kwanza lazima uwekwe hadharani kila mtu ausome. Mimi nafundisha historia ya utumwa na ukoloni. Sijaambiwa niache. Ila siku hizi kabla ya kipindi najikuta naandika maelezo mawili, moja la wanafunzi na moja la mwanasheria ambaye huenda asije. Nina kadi ya kijani, si uraia, na Machi hiyo hiyo mwanafunzi wa Columbia mwenye kadi kama yangu alikamatwa na maofisa wa uhamiaji kwa sababu ya harakati za Palestina. Ndiyo maana mama mdogo hakukosea kuogopa.

Na sisi wa kushoto? Tumezoea kuongea sisi kwa sisi. Tunaandika vitabu vizito kuhusu tabaka la wafanyakazi, vikanunuliwa na maktaba. Kwenye korido ile ile ambayo nina ofisi yenye jina langu mlangoni, wapo walimu wa muda wanaofundisha madarasa matano kwenye vyuo viwili au vitatu, bila bima, wakilipwa kwa kozi. Wanafunzi hawajui tofauti. Sote wanatuita profesa. Chama chetu cha walimu kilipopendekeza tuwapiganie, kuna mwenzangu mmoja, mtu wa nukuu za Marx kila sentensi, aliuliza kama hilo litaathiri likizo yake ya utafiti.

Kuna jambo moja linalonipa hamu ya kusoma habari asubuhi, nalo lina harufu ya kwetu. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala 1991, alichaguliwa meya wa New York Novemba 2025. Baba yake, Mahmood, alifundisha Mlimani miaka ya 1970 baada ya Amin kuwafukuza Waasia Uganda. Kijana hakwenda kuhubiri. Aliuliza watu wanalipa kodi ya nyumba kiasi gani. Ahadi zake: kodi zisipande kwenye nyumba zinazodhibitiwa, mabasi ya bure, malezi ya watoto bila malipo, na maduka machache ya vyakula ya jiji. Trump akamwita mkomunisti, kisha siku chache baadaye akampokea ikulu kwa tabasamu. Nilicheka peke yangu. Kwa vipimo vya Azimio la Arusha, huyu kijana ni mtu wa wastani kabisa. Hilo la maduka mimi nimeliwekea alama ya kuuliza, tuliopanga foleni kwenye maduka ya kaya tunajua kwa nini. Lakini kampeni yake ilinionyesha kwamba watu huku hawaogopi siasa za kushoto zikija na bei zake zimeandikwa.

Sasa lile swali lako la tatu, nafuata nini huku. Shemeji, nafuata mshahara, na unajua, maana sehemu yake umeiona kwenye bati za nyumba ya mama. Nafuata maktaba ambayo kitabu nikikiagiza kinakuja. Wanangu wawili wamezaliwa hapa, na wakigombana wanagombana kwa Kiingereza. Kurudi nimewahi kufikiria mara nyingi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi huko nyumbani, nilipokaa siku kadhaa nawapigia simu nisiwapate na intaneti imezimwa, sikufikiria tena. Siku kumi na moja kabla yake mamilioni ya watu waliandamana huku kumwambia Trump kwamba nchi haina wafalme, na wale wa mji wangu walirudi wakala chakula cha jioni. Naitukana nchi hii nikiwa ndani yake na, mpaka sasa, nalala kitandani kwangu. Hesabu hiyo naifanya kila mtu aione.

Mambo mawili ya mkono kwa mkono. Mpwa anayetaka kuja kusoma: tangu tarehe 1 Januari 2026 viza za masomo na za matembezi zimesitishwa kwa Watanzania, kwa madai kwamba wengi wanapitiliza muda. Asimlipe wakala yeyote anayesema ana njia. Na ile kodi ya asilimia moja ya fedha zinazotumwa nje, iliyoanza siku hiyo hiyo, inamhusu anayepeleka noti dirishani. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa haimgusi. Kwa hiyo ndugu yeyote wa huku akikwambia Trump kamkata, muulize alitumaje.

Novemba 2026 kuna uchaguzi wa Bunge, na Ohio kiti kimoja cha Seneti kinagombewa. Sherrod Brown, Mdemokrati aliyepinga ile mikataba ya biashara tangu mwanzo, aliyeangushwa 2024, anakitaka. Mimi sitapiga kura. Hapa nalipa kodi bila kura kwa sababu si raia, na nikichukua uraia Tanzania itanivua wake. Na huko mkipiga kura, sisi wa nje hatuna sanduku. Lakini yule jirani wa theluji kura anayo, baba yake alifanya kazi kiwanda cha chuma, na Jumamosi huwa tunakaa barazani kwake. Tukianza na Trump tunagombana, kwa hiyo tunaanza na bei ya insulini.