Maswali ya Wasomaji: Sainasi si jipu la kukamua

Shikamoo. Kila nikipata mafua, uzito unakaa mashavuni na katikati ya nyusi, na nikisujudu naona uso kama utapasuka. Shangazi anasema nikandwe hadi makamasi yashuke, na kwenye simu naona video za watu wakibonyeza pua wanasema "inafunguka". Ni kweli? Na hufanywaje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Shangazi amepatia nusu. Kukandwa kunapunguza maumivu, ila hakusukumi makamasi nje. Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na vingine nyuma kabisa ya pua. Kidole hakiupenyi mfupa. Isitoshe, mlango wa sainasi ya shavu uko juu, karibu na jicho, kwa hiyo mtu akiwa amekaa au amesimama makamasi hayawezi kumiminika yenyewe. Hupandishwa na vinyweleo vidogo mno vinavyofagia utando wa ndani. Mafua yakiuvimbisha utando huo, mlango hubana na vinyweleo huelemewa. Ukiinama kusujudu, damu inajaa kichwani na uzito unazidi.

Sasa mikono inafanya nini? Mtu anayeumwa uso hukunja nyusi, huuma meno na kukaza shingo bila kujua. Misuli hiyo ikichoka huleta maumivu yake juu ya yale ya sainasi, na hayo ndiyo mikono inayafikia. Mguso mpole hupunguza pia makali yanayosafiri kwenye neva ya uso. Tarajia nafuu ya saa chache. Mafua yenyewe yataondoka kwa wakati wake.

Nawa mikono, kata kucha, keti ukiwa umeegemea. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kipime kwanza upande wa ndani wa kiganja, kisha kilaze kwenye pua na mashavu kwa dakika 5, ukikichovya tena kila kinapopoa. Penga polepole, tundu moja kwa wakati.

Anza shingoni, si usoni. Laza vidole juu tu ya mitulinga, vuta ngozi kidogo kuelekea katikati, achia; mara 5 hadi 7. Kisha pitisha viganja kutoka chini ya masikio kushuka hadi mitulingani, wepesi kabisa. Pale ambapo mapigo ya moyo yanasikika pembeni mwa koo usipabonyeze, na kamwe usipabonyeze pande zote mbili pamoja: presha inaweza kushuka ghafla mtu akazimia, hasa mzee.

Ndipo uende mashavuni. Weka kidole cha kati kila upande wa pua, pale bawa la pua linapokutana na shavu, zungusha taratibu kwa nusu dakika, halafu teleza chini ya mfupa wa shavu hadi mbele ya sikio. Rudia mara 5. Kwenye nyusi tumia vidole gumba: tafuta ukingo wa mfupa mwanzoni mwa unyusi, upande wa pua, bonyeza kuelekea juu kwenye mfupa, shikilia sekunde 10, achia, mara 3. Usiliguse jicho lenyewe, kwani kulibonyeza kunaweza kupunguza kasi ya moyo. Malizia kwa kuteleza juu ya unyusi hadi kwenye panja.

Sehemu ambayo video nyingi huiruka, na ambayo huwasaidia wengi kuliko hata pua, ni taya na kisogo. Uma meno uone msuli unaotuna mbele ya sikio. Legeza taya, mdomo uwe wazi kidogo, uzungushe hapo dakika moja. Kisha lala chali, weka ncha za vidole chini ya kisogo, pande mbili za uti wa shingo, uuache uzito wa kichwa ufanye kazi. Usisukume. Dakika mbili zinatosha.

Kukanda kote, bila kuhesabu kitambaa, kusizidi dakika 10, asubuhi na jioni. Shavu moja likiuma zaidi, lala kwa ubavu wa upande usiouma: hapo mlango wa sainasi inayouma unaelekea chini, na makamasi yanapata njia. Kuvumisha sauti huku mdomo umefungwa nako kunatikisa hewa ya ndani. Watafiti wa Sweden waliopima mwaka 2002 waliona gesi ya naitriki oksaidi, ambayo hutengenezwa ndani ya sainasi na kutoka puani, ikipanda mara 15 kuliko mtu anapotoa pumzi kimya. Hilo si ushahidi wa tiba, lakini halina gharama.

Nimekuwa nikijikanda kwa nguvu na balamu ya mentholi, nikimaliza najifukiza nyungu. Sasa mashavu yanauma hata nikinawa uso. Niache? (Msomaji, Morogoro)

Acha kwa siku 2 au 3. Sainasi si jipu la kukamua, na anayeikamua huishia kuichubua ngozi na misuli iliyo juu yake. Kipimo cha nguvu ni ukucha wako: ukigeuka mweupe, umezidisha. Ngozi isogee, isibaki nyekundu.

Balamu nayo hudanganya. Mentholi huipa pua hisia ya ubaridi, ukadhani imezibuka, wakati uvimbe uko palepale. Ukiipenda, paka kifuani. Usiipake chini ya macho wala ndani ya tundu za pua. Usoni yatosha tone la mafuta ya nazi ili vidole viteleze. Kuhusu nyungu, mvuke hulegeza makamasi kwa muda mfupi tu, na hatari yake kubwa ni sufuria kupinduka. Kitambaa cha moto kinafanya karibu kazi ileile bila kumuunguza mtu. Ukitumia dawa ya kupuliza ya kuzibua pua, usivuke siku 5, maana baada ya hapo yenyewe huanza kuziba pua.

Ila tazama kwenye kioo. Kope ikivimba au kuwa nyekundu, ukiona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa au ukianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali leo. Kichwa kikiuma pamoja na homa, pima malaria kabla ya kuilaumu sainasi. Mafua yaliyopita siku 10 bila nafuu, au yaliyopungua kisha yakarudi kwa nguvu, nayo yaonwe na daktari. Maumivu ya shavu moja yenye makamasi yanayonuka mara nyingi chanzo chake ni jino bovu la juu. Hapo anayehitajika ni daktari wa meno.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunaniwasha kama pilipili, na mara moja sikio liliziba. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Vipimo, karibu hakika. Nusu lita ya maji inataka robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, yaani gramu 4.5. Maji matupu huwasha, chumvi nyingi huwasha, na maji baridi huwasha zaidi, yawe vuguvugu. Yachemshe yatokote dakika 3, yafunike yapoe, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Usitumie maji ya bomba au kisima bila kuchemsha: kuna amiba (kijidudu kisichoonekana kwa macho), adimu lakini ya kuua, inayopanda hadi kwenye ubongo kupitia puani ingawa ukiimeza haikudhuru.

Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, fungua mdomo na useme "aaa" huku ukisukuma maji polepole kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sikio huziba ukimeza mate katikati ya kazi, au ukipenga kwa nguvu huku umebana tundu zote mbili. Ukimaliza, inama na ugeuze kichwa huku na huku yaliyobaki yatoke. Fanya hivi kabla ya kukanda, si baada.

Sainasi yangu huja karibu kila mwezi, upande mmoja, inagonga, natapika, mwanga unaniumiza. Nimeshapewa antibaotiki mara nyingi. Kukanda kutaniponya? (Msomaji, Arusha)

Dada, hiyo ina kila dalili ya kipandauso. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachunguza watu karibu 3,000 walioaminika kuwa na maumivu ya kichwa ya sainasi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na kipandauso. Neva inayobeba maumivu hayo ndiyo hiyohiyo ya uso na pua, kwa hiyo pua huziba, macho hutoa machozi, na makamasi mepesi hutiririka. Jiulize: kichefuchefu? mwanga kuudhi? kazi kusimama? Mawili kati ya hayo matatu yanatosha kumwambia daktari "nadhani ni kipandauso". Antibaotiki haiponyi kipandauso, na hata mafua mengi husababishwa na virusi ambavyo haivigusi.

Kukanda kwaweza kusaidia, ila kwa namna nyingine. Kitambaa kiwe baridi, chumba kiwe na giza, mikono ibaki kwenye kisogo na mabega. Wakati wa shambulio wengine hawavumilii hata kuguswa ngozi ya uso, usilazimishe. Andika kwenye daftari tarehe za maumivu, za hedhi na za kila kidonge. Dawa za kutuliza maumivu zikizidi siku 15 kwa mwezi, au siku 10 kwa zile zenye kafeini, zenyewe huzalisha maumivu ya kichwa.

Mjukuu wangu ana miaka 4. Anasema kichwa kinauma, tundu moja la pua linatoa uchafu unaonuka. Nimkande paji la uso? (Bibi, Tabora)

Shikamoo bibi. Usimkande. Katika umri huo sainasi za paji la uso bado hazijakua, kwa hiyo hakuna kitu cha kukanda pale. Uchafu unaonuka wa tundu moja tu kwa mtoto mdogo, mara nyingi ni kitu kilichokwama: shanga, punje ya maharage, kipande cha sponji la godoro. Usikichokoe kwa njiti wala kibano, kitasogea ndani. Mpeleke hospitali leo. Na kama kuna betri ndogo ya saa au ya mwanasesere iliyopotea hapo nyumbani, usisubiri hata jioni, kwa sababu huunguza ndani ya pua kwa saa chache tu.