Perege wangu mbona hawatagi kipupwe?

Assalaam alaykum. Nafuga perege kwenye matangi bandani. Tangu kusi lianze majike hawatagi, na chakula wanapata. — Mfugaji, Wete

Waalaykum salaam. Usikimbilie dawa, tazama joto na mwangaza. Gizani ubongo wa samaki hutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa ni usiku; kukipambazuka hupungua. Ishara hiyo, pamoja na joto la maji, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo hupeleka homoni kwenye ovari, yaani kiungo kinachotengeneza mayai. Ovari hutoa estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni ndiyo inayolifanya ini litengeneze kiini cha mayai. Maji yakipoa mnyororo wote huzorota: chini ya nyuzijoto 22 perege huacha kutaga hata akishiba.

Pima joto la maji alfajiri, si adhuhuri, maana tangi dogo hupoa sana usiku wenye upepo. Yanatakiwa nyuzijoto 26 hadi 30. Lifunike tangi jioni. Ukitumia hita, pandisha nyuzi moja tu kwa siku. Banda likiwa na giza, washa taa kwa muda wa saa 12 hadi 14, wakati uleule kila siku. Kuiwasha ovyo usiku wa manane huvuruga melatonini.

Weka dume mmoja kwa majike watatu. Jike aliyevimba kidevu na kukataa chakula ana mayai mdomoni: usimsumbue, ukimsumbua atayatema.