Kabla hujapanda semi ya Kongo, panga nyumbani kwanza

Vijana wengi wanaonitafuta kuhusu kazi ya kuendesha semi, yale malori makubwa ya tela, huanza na swali la posho. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: nyumbani unaishi na nani, na siku ambazo huna kazi unafanya nini kinachokupa raha? Majibu hayo mawili ndiyo yanayoonyesha kama utadumu, kuliko hata ustadi wako wa kurudisha tela nyuma.

Njia ninayoijua mimi ni ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi na Kolwezi kupitia Zambia. Kutoka Dar hadi Tunduma mpakani ni zaidi ya kilomita 900, na ukivuka Nakonde, upande wa Zambia, ndiyo kwanza unaanza: Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, hadi Kasumbalesa unapoingia Kongo. Ukikaa mezani na kalamu unaweza kupata hesabu nzuri ya siku. Barabarani hesabu hiyo inavurugika. Kuna mizani, kuanzia Vigwaza. Kuna hifadhi ya Mikumi, ambako mwisho wa mwendo ni 50 kwa saa, upende usipende. Kuna Tunduma, ambako tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe mwaka 2019 kazi imekuwa nyepesi, ila mtandao ukigoma mnalala hapo hapo. Kuna foleni ya Kasumbalesa, kisha kusubiri kushusha, kisha kusubiri shaba ya kurudi nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaouamini kuliko yote: usiahidi nyumbani siku ya kurudi. Siku ya kurudi haiko mikononi mwako. Ahidi kile unachokimiliki, yaani saa ya kupiga simu, na uishike ahadi hiyo kama unavyoshika usukani. Mtoto anayeambiwa "baba anakuja Jumamosi" akangoja Jumamosi tatu huacha kuamini. Anayejua baba anapiga kila jioni kabla hajalala, huyo ana baba hata kama baba yuko Kolwezi.

Hapo kuna jambo dogo linalowapiga chenga wageni wa njia hii. Saa za Zambia na za Katanga, yaani huko Lubumbashi na Kolwezi, ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Binti yangu hulala saa tatu usiku, hivyo nikiwa Ndola lazima niwe nimepiga kabla ya saa mbili ya huko. Simu hubadilika yenyewe ukivuka mpaka, kwa hiyo saa ya mkononi naiacha na majira ya nyumbani, siigusi. Laini nayo ipange mapema. Airtel ipo Tanzania, Zambia na Kongo, lakini mara nyingi ni nafuu kununua laini ya nchi uliyopo na kuweka kifurushi cha intaneti.

Na simu isiwe ya salamu tu. Mama yake hunitumia picha ya ukurasa wa daftari la hesabu. Naikuza kwenye kioo, naangalia swali moja moja, kisha namtumia ujumbe wa sauti: namba tatu rudia, umejumlisha sehemu bila kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwanza. Kesho yake inakuja picha nyingine, palepale pamefutwa kwa raba na jibu limeandikwa upya. Kazi hii ina kusubiri kwingi kuliko watu wanavyodhani, na kusubiri huko ndiko kunakobeba familia yako. Ukiumalizia muda wote kijiweni na kwenye bia, usishangae ukirudi nyumbani unapokewa kama mgeni.

Kwa mwenzi wako, kaeni chini kabla ya safari ya kwanza na mkubaliane mambo mazito: nani anaitwa mtoto akizidiwa usiku, nani ana funguo ya akiba, fedha ya dharura iko wapi. Kuhusu pesa mimi nina msimamo mmoja. Mshahara ni wa nyumbani, posho ni ya barabarani, na posho ikibaki inawekwa akiba. Mafuta ya gari usiyaguse. Njia nzima utakutana na watu wenye madumu na maneno matamu. Ukifukuzwa kazi kwa lita ishirini, wanaolala njaa ni wale uliosema unawatafutia.

Suala la uaminifu nalo watu hulizungukazunguka. Mke wa dereva anasikia maneno ya mtaani kila siku kuhusu Tunduma na Nakonde, na mengine ni ya kweli. Tabia yako ndiyo itakayomtuliza, maneno peke yake hayatoshi. Mwambie unapolala, pokea simu yake hata ukiwa umechoka, na mpime afya pamoja mara kwa mara. Wewe mwenyewe usiache kupima presha, maana kukaa kwenye kiti mchana kutwa na kula chipsi usiku kunaua madereva wengi kimyakimya.

Sasa burudani. Wengi huifuta siku wanayopata semi, wakidhani ni utoto. Nakusihi usifute. Mimi ni besi katika kwaya ya parokia. Nilipoanza safari za nje niliachia uweka hazina, kwa sababu cheo kinahitaji mtu aliyepo, lakini kuimba sikuacha. Mwalimu wa kwaya hupiga mstari wa besi peke yake kwenye kinanda, anarekodi, ananitumia. Nakala ya noti naipitisha kwenye plastiki ngumu isilowe wala kukunjika, inakaa kwenye kitanda nyuma ya kiti. Foleni ya Kasumbalesa ikisimama nazima injini, nafunga vioo, naanza: solfa kwanza, maneno baadaye, polepole mpaka ile sehemu ya katikati inayonisumbua ikae. Nikirudi Dar siku mbili kabla ya Krismasi, nasimama mstarini na wenzangu bila kuwaharibia. Lubumbashi nako kuna misa za Kiswahili. Jumapili ikinikuta huko naenda, na nimejifunza nyimbo kadhaa nilizozileta kwetu.

Kama wewe ni mtu wa mpira, itakuwa ngumu zaidi, nisikudanganye. Tafuta upande wa mchezo huo unaoweza kufanywa na mtu mmoja, au ongeza kitu kingine. Wapo wanaobeba ubao wa drafti na mfuko wa vizibo, na wanajuana na wachezaji wa kila yadi hadi Kolwezi.

Upande wa kuingia kazini: leseni yako iwe daraja E, pata mafunzo ya magari makubwa Chuo cha Usafirishaji (NIT) au chuo cha ufundi cha VETA, uwe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anza na safari za ndani kwanza. Dar–Mbeya itakufundisha mlima, mizani na usingizi, na itaifundisha familia yako kukaa bila wewe kabla hujavuka mpaka.

Mlima wenyewe ni Kitonga. Wakati wa kwenda unaupanda. Wakati wa kurudi, umebeba shaba, unaushuka. Umetoka Iringa, unajua kesho utalala kwako, na hapo ndipo haraka inapokuja. Gia nzito, breki ya injini, na mguu usikae juu ya breki mpaka zipate moto. Waombe nyumbani wasikuulize "umefika wapi?" siku hiyo. Nyumbani kwangu wanalijua hilo, na wanasubiri nipige mimi nikifika Mikumi.

Kabla ya kusaini, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28, na mke akijifungua una angalau siku tatu za malipo. Hakikisha michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa. Kisha muulize tajiri, yaani mwenye gari, swali ambalo vijana wengi wanaogopa kuliuliza: kati ya safari na safari, dereva anapumzika siku ngapi nyumbani? Ya kwanza utalala tu, kwa hiyo siku moja haitoshi. Akikujibu kwamba gari likishapakiwa unaondoka, mshukuru na uende ofisi inayofuata.