Mgonjwa nimempatia msamaha, mbona bado haji kliniki?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nina miezi saba kazini katika hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Nina mama wa miaka 52, ana kisukari, anachoma insulini, na ni kibarua wa kuchuma chai. Nilimfanyia tathmini, akapata msamaha wa kulipia matibabu, nikajua nimemaliza. Mwezi wa kwanza alikuja, miwili iliyofuata akapotea, sasa karudi na kidonda mguuni. Kwenye faili wamemwandika "mtoro". Nimeruka nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kidonda kwanza. Mguu wa mgonjwa wa kisukari haungoji fomu, kwa hiyo kama daktari hajauona leo, acha kusoma, mpeleke, kisha urudi.

Umerudi? Haya. Ulipima kama mama anaweza kulipa akishafika dirishani. Hukupima kama anaweza kufika. Wala si kosa lako peke yako. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza 1993, msamaha ukaja nao, na swali lake tangu hapo ni moja: huyu ana hela ya kulipa hapa au hana? Kwa mwenye malaria swali hilo linatosha, anatibiwa na kwenda zake. Mwenye kisukari anakuja mara 12 kwa mwaka, na barua ya msamaha kondakta haipokei.

Piga hesabu ya mwaka mzima. Tuchukulie bodaboda kutoka kijijini hadi barabarani ni 4,000 kwenda na kurudi, na basi 6,000. Hiyo ni 10,000 kwa kliniki moja, 120,000 kwa mwaka. Kisha mchuma chai analipwa kwa kilo, na siku ya kliniki hachumi hata moja, kwa hiyo ongeza siku 12 zisizo na ujira. Mimi huiandika hesabu hii kwenye karatasi mbele ya mgonjwa, tunajumlisha wote kwa sauti. Mzee mmoja alinitazama baada ya kujumlisha akaniambia, "Kumbe mbuzi wangu wawili wameliwa na barabara." (Wa figo ni balaa jingine. Anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki ana safari 156 kwa mwaka. Kama anatoka Makete, nauli weka pembeni, uliza kwanza atalala kwa nani hapa Mbeya mjini.)

La pili ni majira. Tathmini uliifanya mwezi gani? Mkulima wa huku ukimuuliza Julai, mahindi yako ndani na ameshauza debe kadhaa, utamwona ana uwezo. Muulize huyo huyo Februari, mvua inanyesha, ghala limebaki vumbi, na cha kuuza hana. Mimi huuliza miezi yote miwili na kuandika yote mawili kwenye ripoti. Mganga mfawidhi akiisoma haraka, asidhani mgonjwa amebadilisha maneno.

Usimuulize mtu mzima "una uwezo?" Akiwa amekaa na mkwe wake kwenye benchi la korido, atakujibu anao. Mwingize ofisini, funga mlango, umuulize: "Mara ya mwisho ulipokuja hapa, nauli uliitoa wapi?" Akisema aliuza kuku, muulize wamebaki wangapi. Akisema alikopeshwa na shemeji, muulize kama deni limelipwa. Hapo unapata tathmini ambayo fomu haitakupa hata ikiwa na kurasa kumi.

Na insulini uliiulizia? Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana ambaye sukari yake haishuki, kila mtu kazini anasema hachomi. Nikamfuata nyumbani. Dawa ilikuwa inahifadhiwa na jirani mwenye duka, kwenye friji la soda, na mwenye duka kwa wema wake aliisogeza juu kabisa, kwenye barafu za watoto, "ipoe vizuri". Chupa ilikuwa imeganda kama jiwe. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai. Isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne mahali pasipo na joto kali, na kwa baridi yetu ya huku chungu chenye mchanga uliolowana kinamtosha asiye na friji. Kijana alikuwa anachoma kila siku bila kukosa. Na yeye faili lake lilisema mtoro.

Sasa fanya haya. Mwombe daktari, sukari ikitulia, ampe dawa za zaidi ya mwezi mmoja. Wenzetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, wanatoa za miezi mitatu na zaidi kwa wagonjwa walio imara, kwa hiyo wazo si geni. Kama zahanati ya kwao inaweza kupima sukari, vipimo vya kati vifanyike huko, hospitali aje kwa daktari tu. Barua ya mtendaji wa kijiji ya kuthibitisha hali yake ifuatilie wewe kwa simu, usimtume mgonjwa mwenye kidonda. Na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, usimwahidi: kaya hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, si mezani kwako. Ukiahidi lisipotimia, hatakuambia tena ukweli wa nauli.

Neno "mtoro" usilifute, faili si daftari la shule. Chini yake andika tarehe, sababu aliyokutajia kwa maneno yake mwenyewe, na saini yako, ili wa zamu ijayo asome vyote viwili. Halafu kabla hampangi kliniki ijayo, muulize mama chai wanalipwa tarehe ngapi.