Mjumbe ni shemeji wa mlalamikaji: tuandike "ana upendeleo"?

Swali: Mimi ni katibu wa baraza la kata wilayani Uyui, mkoani Tabora. Tuna mgogoro wa mpaka wa shamba. Mlalamikiwa ameleta barua ya kumkataa mjumbe mmoja kwa kuwa "ana upendeleo na hana usawa". Mjumbe huyo ni shemeji wa mlalamikaji. Naye amekasirika, anasema ametukanwa, maana shauri halijaanza na hajatamka neno. Mwenyekiti anataka niandike kwenye muhtasari kwamba "mjumbe amejiuzulu". Maneno haya yametumika sawasawa? Na tuandike "kutopendelea" au "kutokupendelea"?

Jibu: Mlalamikiwa ana sababu ya kumkataa mjumbe, na mjumbe ana sababu ya kukasirika. Waliogombanishwa hapa wamegombanishwa na neno.

Upendeleo ni tendo. Mtu huambiwa ana upendeleo akishafanya jambo: amemwachia mmoja aseme nusu saa na mwingine amemkata kauli baada ya dakika tano, au amepokea hati za huyu na za yule amekataa kuzitazama. Shemeji huyu hajafanya lolote. Kinachomponza ni mahali alipokaa, na mahali hapo Kiswahili kinapaita maslahi (wengine huandika masilahi, sawa tu), au kwa lugha nyepesi zaidi, ukaribu. Kumwambia mtu ana maslahi katika shauri si kumtukana. Ni kama kumwambia amekaa karibu na moto.

Wazee walishalimaliza hili waliposema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Tazama methali isivyomlaumu ngedere. Haisemi ni mla rushwa, haisemi amepindisha haki. Inasema nasaba yake tu, na hiyo inatosha.

Kwa hiyo barua ingesomeka hivi: "Naomba mjumbe huyu asishiriki katika shauri hili kwa sababu amemuoa dada wa mlalamikaji." Hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja, na hakuna wa kubisha. Angalia pia kwamba sikuandika "ni shemeji yake". Shemeji ni neno pana mno kwa karatasi ya baraza. Kaka wa mke wangu ni shemeji, mke wa kaka yangu ni shemeji, na mke wa rafiki yangu naye namwita shemeji kwa heshima tu, bila tone la undugu. "Ndugu" ndiyo mbaya zaidi: ni mtoto wa mama mmoja, ni mtu wa ukoo, ni mtu wa kijiji kimoja, na hapohapo ni cheo cha kumtajia kila mtu mkutanoni ("ndugu mwenyekiti"). Taja uhusiano kwa kitendo au kwa mzazi: amemuoa fulani, wamezaliwa na mama mmoja, baba zao ni ndugu wa tumbo moja, wanalima shamba moja kwa ubia. Na anayetaka kumkataa mjumbe kwa kuwa ni mtani wake, aeleze huo utani umeingiaje kwenye mpaka wa shamba. Peke yake hautoshi.

Kitenzi chenyewe, kupendelea, kina mtego mdogo wa silabi moja. "Mwenyekiti anapendelea usuluhishi" ni sentensi isiyo na ubaya: usuluhishi ndio anaoupenda zaidi. Ingiza -m- ya mtendwa: "mwenyekiti anampendelea mlalamikaji". Hapo ni tuhuma. Mtaani watu wamelikwepa neno hili, wanasema "anambeba", tena mpirani refa akizidisha wanasema timu imebebwa kwa mbeleko. Picha ni nzuri sana, ila isiingie kwenye muhtasari.

"Hana usawa" iondoeni kabisa. Usawa hukaa baina ya vitu viwili, haukai ndani ya mtu mmoja. Ukisema mjumbe hana usawa, msomaji anabaki kujiuliza usawa na nani. Mkitaka kuelezea tabia ya mtu, neno ni uadilifu, lakini jihadharini: kumwambia mtu hana uadilifu ni kumvua nguo, na mtatakiwa kuthibitisha. Zamani lilitumika pia insafu, neno ninalolisikitikia kwa kupotea. Asili yake Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa nusu: mwenye insafu ndiye anayegawa nusu kwa nusu.

Usawa na haki navyo si kitu kimoja. Kila upande ukipewa dakika kumi na tano, huo ni usawa. Bibi asiyesikia vizuri akirudishiwa maelezo mara mbili, na muda wake ukazidi wa mwenzake, usawa wa dakika umevunjika lakini haki imetendeka. Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inaitaka mahakama kutenda haki kwa wote "bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi". Haikusema kuwatendea wote kwa namna moja. (Kwa mpenda asili za maneno: hakimu hakutokana na haki, ingawa masikio yetu yanadhani hivyo. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni wa mzizi mmoja. Haki, hakika, uhakiki na stahiki ni wa mwingine. Kiarabu kinawatenganisha kwa herufi mbili tofauti, sisi tumezisawazisha zote kuwa k.)

Sasa "amejiuzulu". Hapana. Anayejiuzulu anaacha cheo, kesho si mjumbe tena. Aliyekaa pembeni katika shauri moja amejitoa, au amejiondoa, na cheo chake kiko palepale. Ikiwa hakukubali na baraza ndilo lililomwambia asikae, andika ameondolewa katika shauri hili. Aliyeomba mjumbe atoke, yeye amemkataa mjumbe; hivyo ndivyo wasemavyo mahakamani, "mshtakiwa amemkataa hakimu". Ukichanganya haya, mwaka kesho atakuja mtu kuuliza mjumbe aliyejiuzulu anakaaje kwenye kikao.

Kutopendelea ndiyo nzuri kwa maandishi rasmi: kuto- na shina la kitenzi, basi. Vivyo hivyo kutoegemea upande, kutosikiliza. Ku- ya pili inahitajika kwa vitenzi vya silabi moja: kutokuwa, kutokula, kutokuja. "Kutokupendelea" imeenea na hakuna asiyeielewa, lakini silabi hiyo haifanyi kazi yoyote.

Hukuuliza kuhusu muhtasari wenyewe, ila nakuonya, maana huko ndiko katibu anakopendelea bila kujijua. Mara nyingi utakuta: "Mlalamikaji alieleza kwamba mpaka ni mwembe. Mlalamikiwa alidai kwamba mpaka ni njia ya ng'ombe." Mmoja kaeleza, mwenzake kadai. Msomaji ameshajua nani mkweli kabla ya shahidi wa kwanza. Tumia alisema kwa wote wawili, hata kama inachosha. "Alikiri kulima mwaka jana" andika tu pale mtu alipotuhumiwa kwa jambo na akalikubali. Kama aliulizwa akajibu, alisema alilima. "Alishindwa kujibu" ni maoni yako, "hakujibu" ndicho kilichotokea. Na shamba lisiitwe "eneo lililovamiwa" wakati uvamizi ndio unaobishaniwa. Liite eneo lenye mgogoro.

Mwisho wa karatasi msiandike "hukumu" wala "mshindi". Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata katika mgogoro wa ardhi ni msuluhishi, si mwamuzi. Wakipatana, andika walichokubaliana. Wasipopatana, andika usuluhishi umeshindikana, na njia yao inaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.