Virusi vingi, ini zima: je, kinga yangu imelala?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 26. Nilipochangia damu niliambiwa nina homa ya ini B. Virusi ni vingi mno, ila ALT, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu kujua kama ini linaumia, iko kawaida. Binamu yangu aliugua ugonjwa huohuo ukubwani, macho yakawa ya njano, kisha akapona kabisa. Mbona mimi sikuumwa wala sikupona? Ninywe dawa za kuongeza kinga?

Jibu: Marahaba. Kwa sehemu kubwa, kinachoumiza ini si kirusi chenyewe. Kirusi cha B huzaliana ndani ya seli ya ini bila kuiua. Wanaoiua ni askari wako mwenyewe, seli T aina ya CD8, na seli inapokufa, ALT iliyokuwa ndani yake humwagika kwenye damu. Manjano ya binamu yako yalikuwa ndiyo vita hiyo. Alishinda, kama wanavyoshinda watu wazima wengi, zaidi ya 90 kwa kila 100.

Wewe yaelekea uliambukizwa wakati wa kuzaliwa au ukiwa mdogo sana. Kwa watoto wachanga hesabu hugeuka: takriban 90 kwa 100 hubaki na virusi. Kirusi hiki humwaga kwenye damu maganda matupu, HBsAg, mengi kuliko virusi kamili mara elfu na zaidi. Seli T zinazokutana nayo miaka nenda miaka rudi huchoka. Huota kipokezi kiitwacho PD-1 kinachozizuia kushambulia, na nyingine hufa. Ini nalo kwa asili ni kiungo kivumilivu, maana kila siku hupokea vitu vigeni kutoka utumboni.

Kwa hiyo kinga yako si dhaifu. Imetulia mbele ya kirusi hiki tu. Dawa za "kuongeza kinga" hazitakiondoa, na baadhi ya mitishamba huunguza ini lenyewe. Tafadhali sana, usinywe.

Lakini usipotee kliniki. Utulivu huo huweza kuvunjika, mara nyingi kuelekea miaka ya 30 au 40: kinga hushambulia bila kumaliza kazi, na makovu yanajengeka hadi sirosisi, yaani ini kukakamaa. Rudia ALT kila miezi 3 hadi 6, na wingi wa virusi kadiri daktari wako atakavyopanga. Ukianzishiwa dawa ya tenofovir, usiiache kienyeji: inazuia virusi kujinakili, lakini haiifikii DNA yao iliyojificha kwenye kiini cha seli. Ukiandikiwa steroidi au dawa za saratani, taja hali yako kwanza, kwani virusi huweza kulipuka.

Mama na ndugu zako wa tumbo moja wapimwe pia, pamoja na mwenzi wako kama unaye. Wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe.