Duka linakutumia matangazo bila ridhaa yako? Lishitaki kwa kampuni inayolisambazia barua

Mkuu, umeuliza kama kubonyeza kitufe cha kujitoa ni salama, na ufanyeje na duka ulilonunua viatu mara moja tu halafu kila siku linakumiminia ofa hata baada ya kujitoa. Nakujibu kwa niliyopitia, maana mi nashughulikia imeli za wateja kwenye duka la nguo hapa Dar na pia nanunua sana mtandaoni, kwa hiyo hii ishu naijua pande zote mbili na inanikera kweli.

Kwanza zile barua hazitoki kwenye kompyuta ya duka. Maduka mengi hutumia kampuni za kutuma imeli kwa wingi, akina Mailchimp, SendGrid, Brevo, Klaviyo. Mwenye duka anapakia faili la anwani, anaandika tangazo moja, anabonyeza, basi, maelfu wanapata. Sasa hilo faili limetoka wapi, hapo ndo penye kesi. Wapo waliojiandikisha kwa hiari yao, ila wapo pia walioweka imeli ili wapate risiti au namba ya kufuatilia mzigo, wengine walianza kujaza fomu wakaghairi kabla ya kulipa, na kuna maduka yananunua listi za watu wasiowajua kabisa.

Mi nikinunua mahali mapya naongeza alama ya kujumlisha kwenye anwani yangu ya Gmail, yaani jina langu, kisha +viatu, kisha @gmail.com, na barua inafika boksi lilelile. Kuna duka moja la nje la vifaa vya simu nililipatia anwani ya namna hiyo, baadaye yakaanza kuingia matangazo ya vipodozi na vitamini kwa anwani hiyohiyo ambayo sikumpa mtu mwingine yeyote. Nikawaandikia, wakajibu mfumo wao uko salama. Nikajitoa, yakatulia kidogo, yakarudi kwa jina lingine la mtumaji. Ndo nikaacha kubishana na duka nikamfuata anayelisambazia.

Sababu ni hii. Sheria ya Marekani, CAN-SPAM ya 2003, haimlazimishi muuzaji akuombe ruhusa kabla ya kukutumia tangazo, inachotaka ni asidanganye yeye ni nani, aweke anwani yake ya posta, na ukijitoa akutoe ndani ya siku 10 za kazi. Kwa hiyo duka la Marekani likikutumia bila ruhusa kabla hujajitoa linaweza kukujibu kuwa halijavunja sheria na likawa sahihi. Lakini mkataba wake na kampuni ya kutuma barua ni mkali kuliko hiyo sheria, Mailchimp kwa mfano hawaruhusu listi za kununua au kukodi, wanataka watu waliokubali wenyewe. Na hawafanyi hivyo kwa huruma, wateja wengi wanatumia seva na anwani za IP (namba zinazotambulisha mtumaji mtandaoni) kwa pamoja, mmoja akichafua, Gmail na Outlook wanaanza kutupa kwenye spamu, lile boksi la barua taka, hata barua za wengine wanaofuata utaratibu, hao wakikimbia biashara imeyumba. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, anayetuma kwa wingi (kwa Gmail ni kuanzia barua 5,000 kwa siku) lazima athibitishe domeni yake (lile jina linalofuata @ kwenye anwani), aweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, amtoe mtu ndani ya siku 2, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hiyo ni watu 3 tu katika 1,000, kwa hiyo kile kitufe cha kuripoti spamu mnachokidharau kinauma kweli.

Kuhusu usalama, kama duka unalijua, tumia kitufe cha kujitoa kinachotokea juu karibu na jina la mtumaji, kile kinawekwa na Gmail wenyewe, sio linki iliyofichwa chini kabisa kwa maandishi ya kijivu. Kama hulijui kabisa usibonyeze chochote ndani ya barua, ripoti spamu tu.

Ukishajitoa na bado wanatuma, fungua ile barua kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu upande wa kulia, chagua kuona ujumbe wa asili. Utaona maandishi mengi ya ajabu, usiogope, tafuta Return-Path na mistari ya Received, mara nyingi humo utakuta domeni ya kampuni iliyosambaza. Nenda tovuti yao utafute fomu ya kuripoti matumizi mabaya, au andika kwa abuse@ ikifuatiwa na domeni yao. Bandika heda yote, yaani hayo maandishi ya ajabu, sema hukukubali kupokea, sema ulijitoa tarehe gani na barua imekuja tena lini. Matusi weka pembeni, anayesoma sio aliyekuuzia viatu.

Mi walinijibu kwamba wamechukua hatua kwenye akaunti ya mteja wao, hatua gani hawakusema, ila matangazo kutoka kule yakakata. Baadaye duka likahamia kampuni nyingine, nikaripoti tena kwa mtindo uleule, na hadi leo kimya.

Duka likiwa la hapa kwetu Tanzania una nguvu zaidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza matangazo ya biashara bila ridhaa ya mlaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuzuia taarifa zako kutumika kwa matangazo, malalamiko unapeleka kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC. Wa Kenya mna sheria yenu ya ulinzi wa data ya 2019 na ofisi ya kamishna wake, ODPC.

Na wenye maduka mnaosoma hapa, sisi tunamuuliza mteja palepale kaunta kama anataka ofa zetu, akisema hapana anatumiwa risiti tu. Bosi alitaka tupakie anwani zote za risiti nikakataa nikamwonyesha hiyo 0.3, akaelewa. Listi yetu ni ndogo lakini watu wanafungua barua na wanakuja dukani.

Mkuu, ukikwama kusoma heda ibandike hapa, ila futa anwani yako kwanza.